Mstari Mnene

Wivu ukishamkaa mtu kooni, hauulizi kasoma mpaka wapi. Bibi Nukta, kama walivyomwita wenzake, alikuwa mwaka wa tatu wa uzamivu, akichunguza jinsi makundi ya simu yanavyoamua nani asikilizwe mtaani na nani apuuzwe. Kazi yake ilikuwa kuchora: kila mtu nukta, kila mawasiliano mstari, na ujumbe ukizidi mstari unanenepa. Kwa kuchora alikuwa fundi hasa. Roho yake mwenyewe ndiyo iliyomshinda kuisoma.

Meza ya pili, kiasi cha kugusana viwiko, alikaa mwanafunzi mwenzake, Mama Pacha. Miaka mitatu walikuwa chanda na pete. Walichangia chaja moja, chupa moja ya chai na siri zote, mpaka ilipotangazwa nafasi moja, moja tu, ya kwenda kuandikia tasnifu chuo cha ng'ambo mwaka mzima. Tangu siku hiyo Bibi Nukta akaanza kuona mambo. Simu ya Mama Pacha ikilia, mwenyewe anaigeuza kifudifudi. Profesa aliyewasimamia wote wawili akiingia, macho kwanza kwa Mama Pacha.

"Mwenzangu, Profesa anakutakia nini kila saa?" alimuuliza siku moja, akijichekesha.

"Aa, mambo ya kazi tu, dada."

Mambo ya kazi! Roho ilimuuma, tena ilimuuma vibaya. Ofisi yao ilikuwa na rekodi ya ujumbe wao, ambayo wote walikubali itumike kwa mazoezi: nani kamwandikia nani, na saa ngapi; maneno yenyewe hayakuwamo. Bibi Nukta akaipakua, akachora. Mstari wa Profesa na Mama Pacha ulitoka mnene kama kamba ya kutekea maji. Wake na Profesa ulikuwa uzi. Kati yake na Mama Pacha hapakuwa na mstari wowote, ila huko hata hakutupa jicho.

Alhamisi, kwenye kikao cha wanafunzi wote, akaumulika mchoro ukutani.

"Nauliza tu," alisema. "Hii nafasi tunaigombea sote, au kuna mtu ameshapewa?"

Profesa akavua miwani. Aliyesimama ni Mama Pacha. Akafungua simu yake, akasoma ujumbe wa Profesa bila kumtazama mtu:

"'Sura ya tatu irudie.' 'Bado, irudie.' 'Hii ni mara ya tano.' 'Usipoikamilisha mwezi huu, jina lako litaondolewa.'" Akainua uso. "Niendelee? Ziko nyingi. Ndiyo maana mstari umenenepa."

Na sasa sikia maajabu: sura ya pili ya tasnifu ya Bibi Nukta, kurasa nane nzima, ilionya kwamba wingi wa ujumbe si kipimo cha mapenzi. Aliiandika kwa mkono wake, na Profesa akaisifu.

"Nafasi nilikupa wewe tangu wiki iliyopita," Profesa alimwambia Bibi Nukta polepole. "Barua ilikuwa itoke leo."

Hakuna aliyempongeza. Aibu ilimshika mpaka masikio, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jumatatu meza ya pili ilikuwa tupu. Mama Pacha kahamia chumba cha chini, karibu na maktaba. Bibi Nukta akaketi na barua yake ya safari, akaufungua ule mchoro ili aufute. Ndipo alipoziona nukta mbili, yake na ya Mama Pacha, kila moja upande wake kama watu wasiojuana. Miaka mitatu hawakuandikiana hata neno, maana aliyekuwa na jambo aligeuka tu akalisema.

Saa saba mchana kompyuta ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Mama Pacha, wa kwanza kabisa:

"Habari. Naomba chaja yangu uiache mapokezi."

Bibi Nukta aliusoma mara mbili. Rekodi ilikuwa imeshauhesabu. Sasa walikuwa na mstari.