Komeo la Geti la Hillary

Hillary alishuka kwenye pikapu huku ameinua suruali kwa vidole viwili, kana kwamba vumbi la kwao lilikuwa likimvizia yeye peke yake. Mama yake, Mwelu, alimtazama kutoka barazani. Alikuwa amemfuta makamasi katika vumbi hilohilo.

Nyuma ya pikapu kulikuwa na geti jeusi lenye vichwa viwili vya simba vilivyopakwa rangi ya dhahabu.

"Mama, zawadi yako! Imetoka Voi mjini, si vitu vya kuokotaokota. Sasa gari litaingia mpaka mlangoni. Lakini kile kibanda lazima kitoke. Vijana wanakuja mchana kukivunja."

Kibanda kilikuwa cha Shanice, mjukuu aliyelelewa na Mwelu. Kilikuwa mabati machache juu ya nguzo. Kila Jumamosi, akishateka maji na kufua sare zake, msichana huyo aliwasha makaa mle ndani, akayapuliza kwa feni iliyozungushwa na gurudumu la baiskeli kuukuu, akagonga vipande vya springi za gari mpaka vikawa kitu: kisu, ndoano, kengele ya mbuzi. Vingine havikuwa kitu chochote. Vya namna hiyo alivitazama, akacheka peke yake, akavirudisha motoni.

Hillary alikigusa kwa ncha ya kiatu kipande cha ekseli ya lori ambacho Shanice alikitumia kama fuawe, akigongea vyuma juu yake.

"Hii inakuletea pesa ngapi?"

"Hainiletei, anko. Napenda tu."

"Anapenda!" Hillary akamgeukia mama yake. "Umesikia? Msichana wa kidato cha tatu anapenda kugonga vyuma kama mtu aliyeshindwa na maisha. Wenzake wanapenda vitabu."

"Vitabu anasoma. Wewe ulipenda nini ukiwa kama yeye?"

"Mimi nilikuwa na malengo."

Mwelu akafyonza. Malengo! Huyu alipenda kulala, na jembe alilishika siku alipokuja mpiga picha.

Macho ya Mwelu yalikuwa yameingia ukungu, na siku hizi aliona zaidi kwa vidole. Hillary alikuwa amemwuliza habari za macho kwa simu, akakata kabla ya kujibiwa. Shanice hakuuliza. Alimfulia tu koleo la makaa, kisha akakaa jioni nzima akilipiga tupa kulainisha kila ukingo, hata upande wa ndani usioonekana na mtu, kwa kuwa alijua vidole vya bibi yake, susu kama alivyomwita, vingepita huko.

Hillary na dereva wa pikapu walilishusha geti, wakaliegemeza ukutani.

"Njoo, Mama. Shika komeo usikie lilivyo laini. Hiyo ndiyo kazi ya watu wenye mashine."

Mwelu akanyoosha mkono, akalisukuma. Akaurudisha upesi. Damu ilikuwa inatiririka kutoka kwenye kiganja.

"Mama nawe! Unashikaje kama kipofu?"

Shanice alikuja na leso yake safi ya shule, akaufunga mkono polepole, akaupuliza kama vile wanavyopulizwa watoto. Kisha akapitisha ukucha kwenye komeo.

"Hawakupiga tupa, susu. Wamekata, wakapaka rangi juu."

"Ndivyo ninavyosikia," alisema Mwelu. Alimgeukia mwanawe. "Hillary, tukivunja kibanda, hilo komeo litatolewa makali wapi?"

"Nitalirudisha dukani."

"Hulirudishi. Umenizawadia, ni langu. Na kibanda kiko kwangu, kitabaki. Gari lako lisimame barabarani, lina miguu minne, halitachoka. Vua koti."

"Mama, watu wanaona!"

"Waone. Si ulitaka geti la kuonekana?"

Dereva akageuka kando, mabega yakimtikisika.

Shanice alifungua komeo kwa spana, akalibana kwenye jiliwa mle kibandani, akageuza ndoo ya kukalia. Kabla mjomba wake hajaketi, alitandika gunia juu ya ndoo ili suruali isichafuke. Mwelu aliliona gunia lile, na moyoni akasema suruali ile haikustahili.

Hillary alivuta tupa mbele na nyuma, ikalia kama nguruwe.

"Si hivyo, anko. Sukuma mbele, halafu inua. Ukiirudisha hivyo unaua meno yake."

"Najua, najua."

"Haya, anko."

Vijana wa kuvunja walipofika na mitaimbo walimkuta tajiri wao juu ya ndoo, amelowa jasho, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Mwelu aliwamiminia chai, akawaambia hapakuwa na kazi, wanywe warudi salama.

Baadaye Hillary aliinua kichwa. "Mama, imetosha?"

Mwelu alipitisha kidole cha mkono usio na jeraha kwenye ukingo wa komeo, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Bado," alisema, akarudi kwenye chai yake.