Tela Linalovuja Upepo

Kila Fauzia alipojaribu breki, sindano ya geji ya upepo wa breki ilianguka. Alizima injini, akashuka kwenye lori kwa mara ya nne asubuhi hiyo. Tela alilolivuta lilikuwa limejaa ufuta wa Nandagala, na mbele yao kulikuwa na mteremko mkali.

Evarist, msimamizi wa mzigo, hakutulia. "Dada, ghala la Nachingwea linafungwa saa sita. Shuka na gia ndogo, polepole."

"Tukikosa upepo, kaka, gia peke yake haitalizuia tela hili."

Alijibu kwa ukali, lakini hakuwa na uhakika. Ilikuwa safari yake ya tatu tu tangu akabidhiwe lori. Alipofunga koki za upepo unaokwenda kwenye tela, sindano ilitulia hata akikanyaga breki; alipozifungua na kukanyaga tena, ikaanguka. Basi ubovu ulikuwa kwenye tela. Wapi? Alipaka povu la sabuni kwenye kila mpira na kila kiungio. Hakuna kilichotoa mapovu. Akarudia. Labda geji yenyewe ni mbovu. Labda kesho gereji nzima itacheka kwamba mwanamke ameogopa mteremko.

Ndipo akagutuka: alikuwa akipaka sabuni wakati hakuna aliyekanyaga breki!

"Kaka, panda ukanyage breki."

"Mimi si dereva."

"Kanyaga tu. Matairi nimeyawekea mawe."

Fauzia alijilaza chini ya tela. Evarist alipokanyaga, chemba ya breki ya gurudumu la nyuma kushoto, kopo la chuma linalosukuma breki kwa upepo, ikapiga mluzi, mapovu yakafura. Mpira wa ndani ulikuwa umechanika.

"Achia!"

Kimya.

"Kanyaga!"

Mluzi tena.

Fauzia alipotoka chini ya tela, Evarist alikuwa bado kwenye usukani, macho kwenye geji. "Nimekanyaga mara chache tu," alisema kwa sauti ndogo, "upepo unakwisha." Akapiga simu. "Bosi, gari halishuki. Hapana, dereva hana kosa. Nimeona mwenyewe."

Fundi alitoka Ruangwa kwa pikipiki na mpira mpya, akamaliza saa tisa. Ghala lilikuwa limeshafungwa, na bosi alifoka kwenye simu mpaka salio likamwishia.

Waliteremka taratibu, Evarist ameshika mlango kwa mikono miwili. Walipofika tambarare, Fauzia aliegesha kando, akaegemeza kichwa kwenye usukani.

"Pumzika, dada," Evarist alisema. "Ghala litafunguliwa kesho."