Rozari na Mashine ya Zita

Zita, mke wa mwanangu Wiston, alifariki Ijumaa jioni kwenye kituo cha afya, na mashine yake ilikuwa bado inanguruma huku nyumbani. Aliiwasha mwenyewe asubuhi, huku ameshika kichwa, akaniambia, "Mama, usiiguse. Ikimaliza italia yenyewe." Alidhani ni malaria ya kumeza dawa na kulala. Mchana Wiston alimpakia kwenye pikipiki akiwa hajitambui. Walipomrudisha alikuwa amefunikwa kanga mpaka usoni, na mashine ilikuwa haijalia bado.

Mashine yenyewe niieleze kidogo, maana wengi hapa Bugarama walikuja kuishangaa kama sanduku la mganga. Ilikuwa ya kikundi cha akina mama waliokuwa wakikausha mananasi pale Benaco. Kikundi kilipovunjika, kila mmoja aliikataa kwa sababu inakula umeme. Zita akaileta juu ya gari la ndizi. Ni kama kabati dogo la chuma, lina mlango wa kioo na pampu pembeni. Kwanza inagandisha kitu mpaka kinakuwa jiwe, kisha pampu inanyonya hewa yote iliyomo, na ile barafu inaondoka kama mvuke bila kurudi kuwa maji. Kinachobaki ni unga mkavu, mwepesi, hauozi. Ila ukiizima katikati, hewa inarudi ndani na kilichoganda kinaanza kuyeyuka. Hilo Zita alinieleza mara nyingi.

Wenzake walitia mananasi. Yeye alitia sabuni. Aliwahi kutia na mafuta yake ya kupaka, yakakataa, yakatoka vilevile mafuta. Lakini sabuni ilikubali.

Na hakuianza kwa biashara. Mtoto wao, Ishimwe, ana pumu ya ngozi. Tangu azaliwe, kila sabuni tuliyomwogeshea ilimpasua viwiko na nyuma ya magoti mpaka damu. Zita alichemsha, akajaribu, akamwaga, akajaribu tena, mpaka akapata moja ambayo mtoto aliivumilia. Najua alitia mafuta ya parachichi, siagi ya ng'ombe, maziwa ya mbuzi, na majani aliyokwenda kuyachuma mwenyewe bondeni. Kwa kiasi gani, sijui. Alipima kwa jicho. Ilikuwa sabuni ya maji, na kwa sababu ya yale maziwa ilikuwa inachacha upesi, ndiyo maana akaikausha. Unga kidogo kwenye kiganja, tone la maji, povu linajaa. Majirani wakaanza kuununua. Hakumfundisha mtu. Alikuwa kijana, na kijana hafikirii kwamba kazi ya mikono yake itatafuta mikono mingine.

Unga wa mtungini ulikuwa umekwisha. Uliokuwa ndani ya mashine ndio ulikuwa wote.

Jumamosi watu walijaa uani. Pampu ilikuwa inanguruma stoo, ukuta mmoja na chumba alicholazwa marehemu. Bernardo, mdogo wake marehemu mume wangu, ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu. Alinifuata jikoni, kofia mkononi.

"Shemeji, kelele hizi za nini? Kwenye msiba hata redio hatuwashi."

"Ni sabuni, Bernardo. Haijakauka."

"Sabuni? Watu watasema tunasaga mahindi juu ya maiti."

"Ya Ishimwe. Ikizimwa sasa inaharibika yote. Iache mpaka ilie."

Keza, jirani yangu, alikuwa anamenya ndizi. Hakunyanyua kichwa. "Baba Bernardo, wewe unakoroma kanisani kila Jumapili, na hakuna aliyekuzima."

Bernardo alitaka kucheka, akakumbuka alipo. Akavaa kofia, akatoka.

Saa sita akafika Agness, mama yake Zita, kutoka Biharamulo. Sitaeleza kilio chake. Alipoweza kukaa, nilimpelekea maji ya kunawa, akaniambia kwa sauti iliyokwisha, "Mama Wiston, tumwoshe. Lete sabuni yake."

Nilikuwa naliogopa neno hilo tangu alfajiri. Katika koo zetu hizi, wake na wetu, mwanamke aliyeolewa huoshwa na mama yake mzazi pamoja na mama mkwe, kwa sabuni iliyotoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ya kuazima au ya kukimbilia dukani siku hiyo ni aibu. Wanasema aliolewa lakini hakuwa na nyumba.

"Iko kwenye mashine," nikasema.

"Basi ifungue."

"Ikifunguliwa inaharibika. Na ndiyo pekee ya mtoto."

Alinitazama kama vile nimemtemea mate. "Mwanangu ameogesha kata nzima ya Bugarama. Leo ni zamu yake, mnamnyima? Au kwenu mkwe akifa mnaanza kugawana vitu vyake hata hajazikwa?"

Maneno ya mama aliyefiwa hayajibiwi. Nilikwenda nikamchukua Ishimwe kwa Keza, nikaweka beseni mbele ya Agness.

"Mwogeshe kwanza mjukuu wako," nikamwambia. "Tangu jana hajaogeshwa."

Agness hakuwa amemwona tangu arobaini yake ya kuzaliwa. Alimvua nguo taratibu. Mtoto alikaa ndani ya beseni, akanyoosha mkono, akafungua kiganja, akatulia hivyo, anasubiri.

"Anataka nini?"

"Unga. Mama yake humwekea hapo, halafu anausugua mwenyewe."

Agness alikitazama kile kiganja. Kisha, kabla sijamzuia, akatoa kipande cha sabuni kwenye mkoba wake, ile ya kunukia aliyokuwa amekuja nayo safari, akakipitisha kwenye mkono wa mtoto, polepole kabisa. Ishimwe alikaa kimya kidogo. Halafu akapiga ukelele uliowafanya wanaume uani wasimame. Kiwiko kilikuwa kimefunguka mstari mwekundu. Nilimwagia maji, nikamwagia tena, nikamfunga kwenye kanga. Alikuwa ananing'ang'ania shingoni na kumwangalia bibi yake kama mtu mbaya.

Agness alibaki ameinama juu ya beseni, sabuni bado mkononi.

"Hivi ndivyo anavyokuwa?"

"Kwa sabuni yoyote nyingine."

"Zita aliniambia kwenye simu. Nikamwambia watoto wote wana upele."

Mashine ikanguruma. Mwishowe akajifuta uso kwa kitenge, akasimama.

"Mwanangu nitamwosha na hii ya kwangu," akasema. "Watakaosema, waseme."

Na walisema. Wakati tunapita na beseni nilimsikia mmoja akinong'ona kuhusu sabuni ya mkobani. Agness alisikia pia. Alinyoosha shingo, akapita.

Tulifunga mlango. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa shuka, kwa hiyo tuliwasha taa. Huko uani Bernardo akaanzisha rozari, matendo ya uchungu. Sisi tukaanza na uso. Mama yake akamsafisha macho, mimi nikamshika kichwa. Kwa kazi hiyo kuna sharti moja ambalo hata mtoto wa shule analijua kwetu: ukishaweka mikono juu ya marehemu hutoki mpaka avae. Humwachi katikati, na humwiti mtu wa nje kwa sauti.

Tulikuwa kwenye mkono wa kushoto, mkono ambao alikuwa anakorogea, wenye kovu la kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni, karibu na kidole gumba, niliposikia kimya.

Mwanzo sikuelewa ni nini kilichobadilika. Sala ilikuwa wazi zaidi, kila neno likiingia chumbani. "Utuombee sisi wakosefu." Ndipo nikatambua kwamba ukuta haukuwa unatetemeka tena.

"Umeme umekatika," Agness akasema.

Nikainua macho. Taa juu yetu ilikuwa inawaka.

Naye akaitazama. Halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimeushika ule mkono wa Zita, baridi, umelowa, na upande wa pili wa ukuta kazi yake ilikuwa inayeyuka. Ni hatua chache tu kutoka mlangoni mpaka stoo. Kurudisha swichi ni kidole kimoja.

"Nenda," Agness akanong'ona.

"Siwezi."

"Nenda, mimi namshika."

"Hatumwachi katikati, mama Zita. Wewe unajua."

"Na mtoto?"

Niliendelea kuosha. Niliitikia Salamu Maria pamoja na wa nje kwa sababu midomo ilikuwa imeshazoea, lakini moyoni nilikuwa nasema, Bwana, waharakishe. Hawakuharakisha. Bernardo husali polepole, na siku hiyo, kwa heshima ya marehemu, alisali polepole zaidi. Kumi la tano likaisha, ikaja litania, ukaja wimbo wa Mama wa Mateso na beti zake zote. Tukamkausha. Tukampaka mafuta yake, yale yaliyokataa mashine. Hayo angalau yalikuwa ya nyumba yake. Tukamvika gauni la harusi. Nilipokuwa namfunga kilemba nikasikia pampu imewaka tena.

Haikunguruma. Ilikohoa, ikafyonza, kama mtu anayemalizia uji kwa kuramba bakuli.

Tulimzika kabla ya jua kushuka. Wiston alishikwa na watu wawili kaburini. Mimi nilimbeba Ishimwe, aliyekuwa amelala.

Tuliporudi ndipo nikaingia stoo, Agness nyuma yangu. Kioo cha mlango kilikuwa cheupe chote. Nikaizima mashine, nikafungua, na povu likamwagika mpaka miguuni, kama pombe ya ndizi iliyofungiwa kabla haijatulia. Mafuta ya pampu yalikuwa yamegeuka maziwa. Sabuni iliyoyeyuka ilikuwa imenyonywa mpaka ndani ya mirija. Pampu ikiinyonya sabuni ya maji, inachovuta ni povu. Sinia za chini zilikuwa na uji uji wa rangi ya kahawia. Ile ya juu peke yake, iliyotangulia kukauka, ilikuwa na unga upande mmoja. Nikaukwangua kwa kijiko. Haukujaza hata robo ya mtungi.

Bernardo akatokea mlangoni. Alikuwa amechoka, na uso wake ulikuwa mwema.

"Nilikumbuka maneno yako, shemeji. Nimeizima wakati wa rozari tu, kama redio. Tulipomaliza nikaiwasha mara moja."

Kisha akaona povu. Akatazama chini, akatutazama.

Nilikuwa na maneno mengi. Agness ndiye aliyetangulia.

"Uliizima kwa ajili ya mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Apate sala yenye utulivu."

"Asante, baba," akasema. "Mungu akulipe." Akampita pale mlangoni, akatoka uani, akazunguka nyuma ya migomba. Nilimsikia huko, sauti ambayo mchana hakuitoa hata mbele ya maiti.

Ule uji uji tuliuweka kwenye ndoo na kuutumia kabla haujachacha. Bibi wawili na mtoto mmoja, kila asubuhi. Agness alimshika, mimi nikamwogesha, kwa sababu Ishimwe hakutaka tena mkono wa bibi wa Biharamulo uguse sabuni. Ngozi ikatulia. Harufu ikaanza kubadilika, kwanza kama mtindi, kisha mbaya, na hatimaye niliimwaga ndoo kwenye shina la mgomba.

Tulijaribu kupika. Agness alikwenda bondeni na Keza, wakarudi na kila jani waliloliona.

"Hili ng'ombe wanalikataa," Keza akasema.

"Lete hilohilo. Zita naye alikuwa anakataa vyakula vyote vizuri."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania. Tulichemsha siku nzima. Rangi ilikuja kama ya Zita, na harufu ilikaribia. Nilijipaka mwenyewe nyuma ya sikio na haikuniwasha. Tukampaka Ishimwe tone moja kwenye goti, tukasubiri, na kabla maji hayajapoa goti lilikuwa jekundu. Agness aliimwaga sufuria yote. Wiki hiyo akarudi kwake Biharamulo. Stendi ya Mbuba aliniambia, "Usiniambie siku unga utakapokwisha. Sitaki kuijua."

Wiston ameifunika mashine kwa kitenge cha marehemu. Fundi alisema pampu imekufa. Bernardo huja kila jioni kusali na sisi, anakaa karibu na mlango, na siku hizi haanzishi wimbo. Mimi simchukii. Namwomba Mungu anisaidie niendelee kutomchukia, hasa asubuhi.

Maana asubuhi ndipo ninapofungua mtungi. Nachota kwa ncha ya kidole, si kwa kijiko tena, na nachanganya na maji mengi. Ishimwe anakaa ndani ya beseni, ananyoosha mkono, anafungua kiganja na kusubiri. Hajui kwamba kinachopungua kinaweza kuisha. Naweka pale kidogo kile, anasugua, povu linakuja jembamba, linakaribia kutoonekana, naye analicheka.

Leo nimegonga mtungi kwa nje ili unga ulioshikamana ndani uanguke. Umeanguka kidogo. Kesho nitatia maji humo humo mtungini na kuutikisa.