Foleni ya Bwana Masta

Tangu ajiunge na masomo ya jioni ya shahada ya uzamili katika utawala wa umma, mkuu wa ofisi ya leseni hakuwa tena mtu wa kusalimiwa hivi hivi. Wafanyakazi wake walimbandika jina la Bwana Masta kwa kumcheka, naye, jamani, akalipokea kwa mikono miwili.

Utafiti wake ulihusu sababu za wananchi kucheleweshwa katika ofisi za umma. Hakuhangaika kuutafuta ucheleweshaji, alikuwa nao mlangoni. Ofisi yake ilikuwa na madirisha mawili: moja la kuhudumia watu, la pili limefungwa na kujazwa viti vibovu. Foleni ilitoka nje ya lango ikazunguka ukuta hadi chooni.

Siku moja karani wake akamwambia, "Mzee, lile dirisha la pili tumeshalisafisha. Tulifungue kesho?"

Bwana Masta akaruka kwenye kiti. "Foleni ikiisha nitapima nini? Ngojeni kwanza nimalize kukusanya data."

Basi viti vibovu vikarudishwa.

Sasa, katika foleni hiyo hiyo alikuwamo mkewe. Ni fundi cherehani, leseni ya duka lake ilikuwa ukingoni mwa kuisha, na watu wa manispaa walishapita kumwonya kwamba mwezi ukiisha hana leseni, wanapiga kufuli. Alishinda kwenye foleni akarudi mikono mitupu. Akaenda tena, yakawa yale yale. Akamfuata mumewe mezani, kwenye chumba chake cha kusomea.

"Baba watoto, sikuombi unipitishe mlango wa nyuma. Fungua tu lile dirisha, tupite sote."

"Mke wangu, mtafiti haingilii anachokitafiti. Vumilia. Na ukiwa pale, nijazie dodoso. Wanawake wenye biashara nimepata wachache."

Mwanamke alimtazama mpaka mumewe akarudisha macho kitabuni. Dodoso alilichukua. Alilijaza pia, palepale kwenye foleni, maana muda alikuwa nao tele.

Siku ya kutetea tasnifu, maprofesa waliridhika kweli kweli. Pendekezo kuu lilikuwa kwamba dirisha la pili lifunguliwe. Mmoja wao alisifu hasa maneno ya fundi cherehani fulani, aliyeeleza kwa uchungu anavyokaribia kufungiwa duka. "Hapa umegusa maisha ya watu," alisema profesa. Bwana Masta alijua fika maneno yale ni ya nani. Akainamisha kichwa, akapokea sifa. Uso mkavu ulioje!

Alirudi nyumbani kifua mbele. Vitabu vyake vilikuwa vimerundikwa koridoni. Ndani ya chumba cha kusomea, juu ya meza yake, cherehani ilikuwa inanguruma, na wateja wamejipanga kuanzia mlangoni mpaka sebuleni. Duka lilikuwa limepigwa kufuli asubuhi ile.

"Mama watoto," alisema kwa sauti ndogo, "nimefaulu."

"Hongera."

"Naomba tuzungumze kidogo."

"Kaa nyuma ya yule dada wa gauni la kijani," mkewe alimjibu bila kuinua macho. "Nahudumia mmoja mmoja."

Akaenda akakaa, tasnifu mapajani. Yule dada wa gauni la kijani alikuwa amekuja na rundo zima la nguo.