Kipindi cha Mavuno kwenye Kioo Kipana

Kioo kipya kiliingia nyumbani kwa Sylvester, kijijini Maretadu, siku ya Alhamisi. Ilipofika Jumapili, wivu nao ukaingia, ukipitia humo humo kwenye kioo.

Televisheni yake ya zamani, ile ya chogo, nene kwa nyuma, alikuwa amempa shemeji yake Fausta, mdogo wa mkewe, anayekaa ng'ambo ya korongo. Hakuitaka tena. Wakati huo kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kinatangaza kutwa kwamba kimetoa kanda zake za zamani stoo, kimezisafisha, na sasa vipindi vya enzi zile vitaonekana kwa HD, hata jasho la mtu utaliona. Kimoja kati ya vipindi hivyo kilikuwa cha sikukuu ya mavuno kanisani Dongobesh, na Helena, mke wa Sylvester, alikuwa ameimba humo akiwa bado msichana.

Sylvester alikuwa amekiona kipindi hicho mara moja tu, kilipotoka. Siku zile alifanya kazi kwenye mashamba ya ngano huko Hanang, na posa yake kwa akina Helena ilikuwa imekwisha kupokelewa. Alisimama mlangoni pa duka moja la Gendabi pamoja na wachungaji waliokuja kununua chumvi ya ng'ombe. Antena ilikuwa imefungwa juu ya mti, na picha ilikuwa chenga tupu. Mwenye duka aliipiga televisheni kofi, vivuli vyeupe vikayumba, akaipiga tena, vikayumba zaidi.

"Yule wa pili ni mchumba wangu," Sylvester aliwaambia wachungaji.

Hakuwa na hakika kama ni wa pili au wa tano. Alifurahi tu. Baadaye mitambo ile ya analojia ilizimwa nchi nzima, watu wakalalamika, wakanunua ving'amuzi, wakasahau kwamba waliwahi kuzungusha antena kwenye mvua. Lakini furaha ya siku ile dukani Sylvester hakuisahau.

Basi Jumapili hiyo, baada ya misa, jirani yao Yoakimu alikuja na mkewe kutazama. Kipindi kilipoanza, picha ilikaa katikati ya kioo, na kila upande kukawa na utepe mweusi.

"Hii ni nini?" Sylvester akauliza. "Nimenunua kioo kizima, halafu wananipa cha katikati tu?"

"Acha hivyo hivyo, Baba Loveness," Helena alisema. "Enzi zile ndivyo walivyopiga. Picha zao zilikuwa karibu mraba."

"Fundi alinionyesha kitufe."

Akabonyeza rimoti. Picha ikatanuka kwa upana, watu wote wakawa wanene na wafupi.

"Eh! Padri amekula mavuno peke yake!" Yoakimu akasema, na wote wakacheka, hata Helena.

Sylvester akabonyeza tena. Safari hii picha ilivutwa mbele, ikajaa kioo chote, na watu wakarudi kwenye maumbo yao. Akaweka rimoti kwenye goti, ameridhika. Hakuna aliyejiuliza kile kilichozidi kimekwenda wapi.

Yakaja matoleo. Waumini walipanda kuelekea altareni wawili wawili, wakicheza, na vikapu vya mahindi na mitungi ya maziwa. Kisha akaonekana Helena, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimelegea. Mbele yake alikuwa kijana ambaye leo ndiye mwalimu wa kwaya yao, Nicodemo. Walitembea upande upande, wametazamana, vichwa vimeinama hadi paji la uso la huyu likakaribia la yule. Mikono yao yote ilishuka chini na kupotelea kwenye ukingo wa kioo. Walikuwa wanacheka. Helena alicheka mpaka akafumba macho, na pengo lake la jino likaonekana wazi. Sylvester alilijua pengo lile miaka yote ya ndoa yao, lakini hakukumbuka kuliona limeachwa wazi hivyo kwa ajili yake.

"Aisee, kaka," Yoakimu akasema, "mikono hiyo imekutana wapi huko chini?"

Mkewe akamfinya. Ilikuwa imekwisha kusemwa.

"Tulikuwa tumebeba kondoo," Helena alisema.

"Kondoo yuko wapi?" Sylvester akauliza.

"Alilala katikati ya kanisa akagoma kwenda. Tukambeba, mwenzangu mbele, mimi nyuma. Ndiyo maana tunacheka."

"Mama Loveness, hii ni HD. Hata vinyweleo vya mkono wa Nicodemo naviona. Kondoo mzima nisimwone?"

Helena alimtazama, kisha akamtazama Yoakimu aliyejifanya kutafuta kitu mfukoni.

"Umeniuliza, nimekujibu," alisema. "Sitajibu mara ya pili."

Kweli hakujibu tena. Na Sylvester, ambaye hakuuliza tena, aliuliza kwa njia nyingine zote. Aliuliza kwa kusukuma sahani. Aliuliza kwa kukohoa jina la Nicodemo lilipotajwa. Jumatatu alisema kwamba wiki hiyo mazoezi ya kwaya hayatawezekana, kwa sababu ng'ombe wanahitaji mtu. Sikukuu ya mavuno ya mwaka huu ilikuwa Jumapili inayofuata, na sauti ya kwanza ya kwaya ilikuwa ya Helena. Wote wawili walijua hivyo. Helena alikwenda kwa ng'ombe.

Sylvester alikuwa mtu wa sala. Kila alfajiri alipiga magoti kabla ya kugusa jembe. Wiki ile alishika rozari na kila Salamu Maria ikampeleka kwenye ukingo wa kile kioo. Alisema, "Bwana, niondolee hili," na papo hapo akajikuta anahesabu ni mara ngapi Nicodemo amekula ugali mezani pake. Jioni alipokwenda kwenye masomo ya watu wazima shuleni, mwalimu alimwita asome ubaoni, naye akasimama pale, haoni herufi. Alikuwa anaona pengo la jino.

Jumatano kipindi kilikuwa kirudiwe alasiri. Kukitazama tena mbele ya Helena aliona aibu. Akavuka korongo.

"Karibu shemeji," Fausta alisema. "Kuna tatizo?"

"Hapana. Nimekuja kuona kama televisheni niliyokupa inafanya kazi."

"Tangu lini unakagua zawadi?" Lakini alimwashia, akamletea chai, na kumwacha.

Kwenye ile chogo, picha haikuwa safi kama nyumbani. Rangi zilikuwa zimefifia, na nyuso zilikuwa na ukungu kidogo. Lakini ilikaa kwenye kioo kama iliyozaliwa humo, bila utepe mweusi na bila kuvutwa. Matoleo yakaja. Helena akaja, na Nicodemo akaja, vichwa vimeinama, wanacheka. Na pale chini, kwenye kipande ambacho kioo chake kipana hakikuonyesha, palikuwa na mgongo wa manyoya meupe na sikio moja likitikisika.

Sylvester aliweka kikombe chini. "Mungu wangu," alisema, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka.

Fausta akachungulia mlangoni. "Shemeji! Unamlilia kondoo? Si walimla tangu mwaka ule?"

Alirudi nyumbani kwa haraka, karibu kukimbia. Helena alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Nimemwona kondoo," Sylvester alisema, akihema. "Kwa Fausta, kwenye chogo. Mgongo na sikio. Ni mimi niliyemkata kwa rimoti. Nilivyoijaza picha kioo kizima, nikamtupa nje."

Alitegemea mkewe atacheka. Helena alipepeta ungo, akapuliza maganda.

"Kwa hiyo sasa unaniamini, kwa sababu ya sikio la kondoo."

"Nisamehe, Mama Loveness."

"Nimekusamehe. Sasa kaa, nikwambie na kile ambacho hakuna televisheni itakayokuonyesha." Aliweka ungo chini. "Mwaka ule nilimpenda Nicodemo. Yeye hakujua, na hata leo hajui. Mikono ilikuwa kwa kondoo, hapo nilikwambia kweli. Lakini kile kicheko ulichokiona, ulikiona sawasawa."

Sylvester alikaa kwenye kigoda. "Posa yangu ilikuwa imekwisha kupokelewa."

"Ilipokelewa na baba. Mimi nilikupokea baadaye."

"Lini?"

Helena alifikiri. Hakuharakisha, na Sylvester alitamani aharakishe.

"Ulipoanza kwenda shule jioni," alisema. "Siku uliyorudi ukanisomea Injili pale mezani. Neno moja likakushinda, ukalirudia, likakushinda tena, na hukufunga kitabu. Nikasema moyoni, huyu ndiye mume wangu."

"Lakini hiyo ni juzi tu!"

"Ndiyo. Ni juzi."

Akachukua ungo wake. Sylvester alitazama mikono yake mwenyewe, asijue kama amepewa kitu au amenyang'anywa. Angekuwa na mtu wa kumwonea wivu ingekuwa rahisi. Sasa wivu wake ulikuwa wa miaka yote ile aliyoishi na mwanamke huyu akidhani anapendwa, na angemkasirikia nani?

"Tumsifu Yesu Kristo!" sauti iliita kwenye uzio.

Alikuwa Nicodemo, na daftari la nyimbo kwapani. "Shikamoo, Baba Loveness. Samahani, nimepita kuuliza. Mama anaumwa? Tunafanya mazoezi bila sauti ya kwanza, kwaya inalegea."

Helena hakuinua kichwa. Alimwachia mumewe kujibu.

"Milele, amina," Sylvester alisema kwa shida. "Marahaba. Haumwi. Ni mimi nilimzuia. Tangulia, anakuja."

Helena alijifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka amefunga kitambaa cha kichwa. Alipompita alimgusa bega, kidogo tu, akaenda.

Kanisa la kigango halikuwa mbali, na jioni ilikuwa tulivu. Wimbo ulipoanza, Sylvester aliutambua. Sauti ya Helena ilipanda, na ya Nicodemo ikaishika kwa chini, kama inavyotakiwa. Zikaimba beti mbili, zikakosea, zikasimama. Mtu mmoja akacheka. Sylvester aliinuka nusu kwenye kigoda, akatega sikio kujua ni nani, na umbali ukamnyima. Akakaa tena. Akatoa rozari mfukoni, akafanya ishara ya msalaba, akaanza tangu mwanzo.