Seli Zenye Ukuta

Mpimaji alikaza jicho kwenye darubini. Makohozi yale yalikuwa ya mama yake mzazi, aliyekuwa akikohoa kwenye benchi nje ya mlango. Na pale katikati ya kioo zilikuwa zimesongamana seli kubwa kubwa, zenye viini vyeusi tii.

Saratani, akawaza. Atamwambiaje? Aanzie wapi? Akairekebisha darubini taratibu mpaka picha ikatulia, kisha akazitazama tena zile seli, safari hii kwa hasira, kama mtu aliyemkuta mwizi wake sokoni.

Hapo ndipo alipouona ukingo. Kila seli ilizungukwa na ukuta mnene wenye kona, kama tofali. Lakini seli ya binadamu haina ukuta; ina utando mwembamba tu. Chenye ukuta namna hii ni mmea!

Akafungua mlango kwa kishindo.

"Mama! Si nilikwambia usitie kitu mdomoni kabla ya kipimo?"

"Sijatia."

"Umetafuna kitu kibichi."

Mama akatoa nusu karoti mkobani, macho yamemtoka. "Kumbe kidude chako kinaona mpaka karoti?"

"Kinaona kila kitu!" alifoka, akimpa kikopo kipya. "Sukutua, ukohoe upya."

Mama alikipokea.

"Kila kitu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Basi na ile damu ninayokuficha umeshaiona."