Mafuta ya Manyoya

Baridi ya Molo haina adabu. Inapasua visigino, inapasua midomo, na mgongo ndio usiseme. Mume wangu, Kang'ethe, alikuwa akikata manyoya ya kondoo wa mzungu, na kila jioni alirudi na vipande vichafu mfukoni. Nilivichemsha, nikaengua mafuta yaliyoelea juu, ya manjano, yananuka zizi. Alinipaka mgongoni pale mkono wangu usipofika. Viganja vyake vilikuwa laini kuliko vya mtoto, kwa kushinda ndani ya manyoya yenye mafuta hayo.

Ulaini huo ndio uliomponza. Mwaka wa hamsini na nne askari walikuja kuwahoji Wakikuyu wote wa shamba. Afisa akamwambia afungue viganja. Akavishika, akacheka.

"Wewe si kibarua. Hii ni mikono ya karani. Unawaandikia watu wa msituni?"

"Ni mafuta ya kondoo, bwana," Kang'ethe akasema. "Nusa."

Nani anuse? Akapandishwa lori, akapelekwa kambi ya kizuizini.

Mimi ni Mkipsigis, kwa hiyo niliachwa. Kwetu Kuresoi hawakutaka kuniona tangu niolewe na Mkikuyu, na majirani zangu walikuwa wamebebwa na lori hilo hilo. Nikabaki na nyumba, kondoo wa watu na upepo. Niliendelea kuchemsha manyoya, kwa ukaidi tu. Nilijipaka miguu, mikono, shingo. Mgongo nilijikuna kwenye nguzo ya mlango kama ng'ombe. Kuna jioni nililia, na wala si kwa kuwashwa. Nilimtaka mtu wa kuniambia, "Geuka."

Miaka ilipita. Siku moja akatokea mlangoni, amekonda. Nikampa chai. Akainywa yote, akautazama mkebe wa mafuta kwenye rafu, akauchukua.

"Geuka," akasema.

Huko kambini walimpasulisha mawe. Viganja vilikuwa vimeota sugu, vigumu kama gome, na vilinikwaruza mgongo mzima. Sasa afisa yule angemwamini bila swali.

Akasita. "Chelagat, nakuumiza?"

Aliniumiza, ndiyo. Ngozi ilikuwa inawaka.

"Endelea kupaka," nikamwambia kwa ukali, nikamsogezea mgongo. "Umechelewa vya kutosha."